Dagaa, omena, mukene: tuandike majina yote

Mzigo wa dagaa ukitoka Mwaloni Kirumba, Mwanza, ukavuka Sirari kuingia Kenya, unaitwa omena. Ukipita Mutukula kuingia Uganda, unakuwa mukene. Samaki ni yule yule wa Ziwa Victoria, ambaye wataalamu humwita Rastrineobola argentea. Omena ni neno la Wajaluo, mukene ni la Waganda.

Neno dagaa nalo lina ndugu. Warundi husema indagara, na kando ya Ziwa Tanganyika utasikia ndagala. Kiswahili kina desturi ya kuangusha "l" ambayo lugha nyingine za Kibantu zimeibakiza: njala kwetu ni njaa, mvula ni mvua. Kwa njia hiyo hiyo, ndagala imekuwa dagaa.

Lakini undugu wa maneno usikudanganye sokoni. Dagaa wa Kigoma ni jamii nyingine kabisa: Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Huyu wa pili alipandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo Goma, Bukavu na Gisenyi anaitwa sambaza. Ladha tofauti, bei tofauti. Anayeagiza "dagaa" kwa simu bila kutaja ziwa asishangae akifungua gunia.

Mpakani jambo hili ni zito zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Cheti kikisema dagaa na afisa anajua omena, atauliza, na ana haki ya kuuliza. Lakini anayelipia saa hizo za kungoja ni mama mwenye magunia matano, tena mvua ikinyesha samaki wake wanaharibika.

Sioni haja ya kulazimisha jina moja. Kila jina lina wateja wake. Ninachodai ni kwamba orodha zinazobandikwa mipakani ziweke majina yote ya samaki mmoja mahali pamoja, ili afisa na mchuuzi wasome kitu kimoja.

Wakati tukisubiri, wewe mfanyabiashara andika mambo matatu kwenye karatasi zako: jina la utokako, jina la uendako, na ziwa. "Dagaa (omena), Ziwa Victoria." Wino huo ni bei rahisi kuliko siku moja ya kulala mpakani.