Itifaki Kabla ya Jibu

Bila shaka umewahi kumsikia msemaji katika hafla akisimama mbele ya wageni na kutamka, "Itifaki imezingatiwa." Kwa maneno hayo mawili huwa amejiepusha na kazi ya kuwataja waheshimiwa mmoja mmoja, nasi humshukuru kimoyomoyo kwa kutuokolea muda. Neno hilohilo likiingia katika maabara au wodi ya utafiti, hupoteza wepesi wake. Huko itifaki ni maandishi yanayoeleza, kabla kazi haijaanza, swali linaloulizwa ni lipi, nani watashirikishwa, watapewa nini, kitapimwa nini na lini, na utafiti utasimamishwa kwa sababu zipi. Lishike neno "kabla", kwa kuwa hoja yangu imesimama juu yake: aliyekwisha kuliona jibu hafai kuachiwa atunge swali.

Mfano ninaoupenda uko karibu nasi, tena una jina la Kiswahili. Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa Kivu Kaskazini, nchini Kongo. Juni 2019 ugonjwa ukavuka mpaka hadi kwetu Uganda, wilayani Kasese. Hadi janga lilipotangazwa kuwa limekwisha, Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamefariki. Katikati ya msiba huo, Novemba 2018, watafiti wa Kongo chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe-Tamfum, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walianzisha jaribio la dawa waliloliita Pamoja Tulinde Maisha, au PALM kwa ufupi. Vituo vilikuwa vinne: Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa zilifika nne. Itifaki ilikuwa moja.

Kwa nini moja? Tuseme daktari wa Beni angehesabu vifo vya siku 10 na wa Katwa vya siku 40. Huyu apokee mahututi, yule achague wenye nguvu. Mwishowe tungekuwa na masimulizi manne, yote ya kweli, yasiyoweza kujumlishwa. Itifaki ikaweka swali moja kwa wote: je, siku ya 28 mgonjwa yu hai?

Dawa iliyokuwa na sifa wakati huo ni ZMapp. Ilikwisha kujaribiwa wakati wa janga la Afrika Magharibi la 2014 hadi 2016, ila jaribio hilo lilianza ugonjwa ukielekea ukingoni, likapata washiriki 72 tu. Matokeo yalitia moyo bila kuthibitisha lolote. Kwa hiyo PALM iliifanya ZMapp kuwa dawa ya kulinganishia nyingine. Agosti 2019 bodi huru iliyokuwa ikikagua takwimu ilishauri kazi isimamishwe mapema, baada ya watu 681 kusajiliwa. Miongoni mwa waliopewa ZMapp, asilimia 49.7 walikuwa wamefariki. Waliopewa remdesivir, asilimia 53.1. Lakini kwa mAb114, kingamwili iliyotokana na damu ya manusura wa Ebola ya Kikwit ya 1995, vifo vilikuwa asilimia 35.1. Tungefuata sifa, tungeendelea kuwapa wagonjwa ZMapp kwa nia njema kabisa, na kuwazika.

Dawa ya nne, REGN-EB3, ilichelewa kuingia. Itifaki ilirekebishwa kwa maandishi ili kuipokea, na wagonjwa wake wakalinganishwa na wale tu wa ZMapp waliosajiliwa tangu marekebisho hayo: vifo asilimia 33.5 dhidi ya 51.3. Ni jambo dogo, lakini hapo ndipo ninapoiona heshima ya kazi hii. Hali ya janga hubadilika mwezi hata mwezi. Anayemlinganisha mgonjwa wa Machi na wa Novemba huenda analinganisha majira, akidhani analinganisha dawa. Wanaoiita itifaki pingu za watafiti hawajaisoma vizuri. Hubadilishwa, ila hadharani, kwa tarehe, na kabla ya jibu kujulikana.

Huenda ukauliza: je, si ukatili kuamua dawa ya mgonjwa kwa kura? Ni swali la haki, nami silidharau. Lakini siku ile hakuna aliyejua dawa iliyo bora. Bila kura, dawa yenye sifa ingemwendea mwenye jamaa hospitalini, au ajuaye lugha ya ofisi. Maskini angepata iliyobaki. Kura haimjui mkubwa wala mdogo. Tena hakuna aliyeachwa mikono mitupu: kila mmoja alipata mojawapo ya dawa, pamoja na maji ya mishipani na matunzo mengineyo.

Ninapotofautiana na baadhi ya wanasayansi ni katika lugha. Itifaki hudai ridhaa ya mgonjwa, na ridhaa inayosomwa kwa lugha asiyoielewa ni sahihi tu juu ya karatasi. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Sababu zilikuwa nyingi, za vita na za siasa, lakini kutoaminiana kulikuwamo. Jina zuri la Kiswahili halitoshi. Naona kila itifaki inayowahusu watu wetu ingepaswa kuwa na nakala fupi katika lugha yao, ibandikwe mlangoni mwa kituo ili hata mchuuzi wa ndizi aisome na kuihoji.

Basi wewe unayejifunza Kiswahili, chukua kalamu. Mweleze mama aliyemleta mwanawe kituoni Butembo kwa nini dawa ya mtoto huyo itachaguliwa kwa kura. Tumia sentensi tano, bila neno lolote la kigeni. Ukikwama katika sentensi ya pili, niandikie. Ndipo wengi hukwama.