Kriki ya gari ya kooperative isilale chini ya magunia

Wandugu wanamemba, munazoea kunisoma hapa nikiandika juu ya kahawa, mihogo na magonjwa yake. Leo naandika juu ya kriki. Musicheke. Ile kriki ndefu ya chuma, yenye matundu kutoka chini mpaka juu, ambayo gari nyingi za kooperative ziko nayo, inaweza kuponya mavuno ya siku nzima au kuyaacha yaharibike. Inategemea mahali mulipoiweka.

Nieleze kwanza yaliyotupata sisi wenyewe.

Ilikuwa mwezi wa ine, huku upande wa Kalehe. Munajua kwetu mavuno ya kahawa na mvua kubwa vinakuja pamoja. Gari yetu, Land Cruiser ya karoseri, ilipakia magunia 24 ya kahawa mbivu, iliyochumwa asubuhi ile. Saa tisa, kwenye mteremko, gurudumu la nyuma la kuume likaingia ndani ya mfereji. Gari ikalala upande, shasi ikakaa juu ya udongo. Nikamuuliza konvwayeri: "Kriki iko wapi?" Akaangalia chini. "Agronome, iko chini ya mizigo. Niliiweka asubuhi, mbele ya kupakia."

"Basi inaomba tushushe yote," shofere akasema.

Tukashusha magunia 24 ndani ya mvua, tukayapanga juu ya majani ya migomba. Kriki ilipotoka ilikuwa imejaa potopoto kavu. Zile pini zake mbili, zinazopanda tundu kwa tundu, zilikuwa zimeshikana. Tukazigongagonga na jiwe, tukazimwagia mazuti kidogo, zikaachia. Tukasimamisha kriki, mguu wake ukazama ndani ya potopoto sababu hatukuwa na ubao. Kijana mmoja akapanda mpaka kwenye nyumba iliyokuwa juu ya barabara, mama wa pale akamwazima ubao wa kitanda.

Kuinua gari, kuweka mawe chini ya gurudumu na kutoka, kazi hiyo yenyewe ilichukua nusu saa tu. Saa zingine karibu ine zilipotea kwa kufikia kriki, kuifungua, kutafuta ubao, kiisha kupakia tena. Tulifika kwenye stasioni ya kuosha kahawa saa mbili ya usiku. Nikaingiza mkono ndani ya gunia, nikasikia moto. Kahawa mbivu haingoji. Inapaswa kutolewa ganda siku ileile, kabla haijachacha, na ile ya kwetu ilikuwa tayari na harufu ya pombe. Wakaitenga, ikauzwa kwa bei ya kahawa ya kawaida. Waliopoteza makuta ni familia ambazo hazikuwa hata ndani ya gari.

Wengi walimlaumu konvwayeri. Mimi sikubali. Hakuna mtu aliyemwambia kriki inakaa wapi. Komite yetu iliamua mahali pa mizani na mahali pa sanduku la makuta. Mahali pa kriki haikuamua, na vitu ambavyo havina mahali vinaishia chini ya vingine. Kwa maoni yangu, hilo ni jambo la komite, si la shofere peke yake.

Tuangalie basi mahali ambapo watu wanaiweka. Kumbukeni kwamba kriki ya urefu wa mita 1 na sentimita 20 ina uzito wa kilo 13 hivi.

Kuna wanaoitupa ndani ya kabine, nyuma ya viti. Haichafuki, mwizi haioni. Lakini gari ikigonga au ikipinduka, chuma ya kilo 13 ambayo haijafungwa inaruka pamoja na watu, na kichwa cha mtu hakishindani nayo.

Wengine wanaifunga mbele, kwenye pareshoku, sababu wameona gari za mashirika ziko hivyo na inapendeza. Pale inapokea potopoto, mawe na maji yote ya barabara, na pini zinashikana. Ikiwekwa vibaya inazuia hewa ya radiatere au mwanga wa mataa. Na gari ikiingia kwenye mfereji kwa pua, kriki imezikwa pamoja na pareshoku.

Wengine wanaipandisha kwenye galeri. Kweli, juu haipati potopoto nyingi. Lakini munaongeza uzito juu ya gari ambayo tayari inayumba. Kisha mtu atapanda juu ya gari iliyolala upande, ndani ya mvua, ateremshe chuma inayoteleza. Mimi singemtuma mtoto wangu.

Kwa gari zilizofungwa, wengine wanaiweka kwenye mlango wa nyuma, karibu na mpira wa akiba. Ule mlango tayari unabeba mzigo mzito. Barabara zetu zitachosha bawaba zake, na vumbi lote la nyuma litaingia ndani ya mashine ya kriki. Kama hamuna mahali pengine, sawa, lakini bawaba ziangaliwe kila mwezi.

Kwa gari ya karoseri, mimi nachagua ile fremu ya chuma iliyo mbele ya karoseri, nyuma tu ya kabine. Kriki ilale pale kwa upana, upande wa nje wa mzigo, kwa kimo ambacho mtu aliyesimama chini anafikia. Hata gari ikijaa mpaka juu, hakuna gunia la kuondoa. Ifungwe kwenye karoseri peke yake, isishikishwe kwenye kabine pia: kwenye barabara mbaya kabine na karoseri havichezi pamoja, buloni zitakatika. Na iwe mbali na bomba la moshi.

Kama nafasi ile haitoshi, iwekwe nje ubavuni mwa karoseri, upande wa kushoto. Kwa nini kushoto? Kwetu gari zinapita kuume, na mara nyingi mfereji unaotumeza uko kuume. Upande wa kushoto ndio unabaki hewani. Lakini isitokeze kupita upana wa gari, isije ikamgonga mama anayepita na kitunga kichwani.

Kazi yenyewe si kubwa. Fundi wa kuchomelea anaweka vyuma viwili vyenye buloni. Buloni zinapita ndani ya matundu ya kriki yenyewe, moja kila upande. Katikati munaweka kipande cha shambreri ya zamani ili chuma isilie na isilike. Mkono wa kriki unafungwa na mpira usichezecheze. Ile mashine yenye pini inavalishwa mfuko wa shambreri au wa bashi. Kila wiki inapigwa brashi na kutiwa mafuta mepesi. Gresi hapana, sababu inashika vumbi. Karibu yake kuwe na beleshi, na ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40, sababu mguu wa kriki hii ni mdogo na katika potopoto unazama tu.

Najua jibu la kwanza: "Agronome, wezi wataichukua." Ni kweli, kitu cha nje kinaibiwa. Muweke kufuli, na ufunguo wake ukae kwenye pete moja na ufunguo wa gari, usikae kwenye mfuko wa mtu. Ufunguo uliobaki nyumbani kwa prezidenti ni sawa na magunia 24 juu ya kriki. Na pale gari inapolala muko na sentineli, aihesabu kriki pamoja na mipira.

Neno lingine: kabla ya kulipa fundi, muangalie kama gari iko na mahali pa chuma ngumu pa kushikishia kriki hii. Pareshoku laini na bati za ubavu zitakunjika. Kama hakuna mahali, kriki ndefu ni mzigo wa bure, heri mutunze vizuri ile ndogo iliyokuja na gari. Na vijana wafundishwe: mkono wake unaweza kuruka na kuvunja taya, basi kichwa kisiwe juu yake, na mkono uachwe umesimama wima kila mara munapopumzika. Mtu asiingie chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake. Hata dakika moja, hapana.

Naomba komite kitu kimoja, kabla ya mavuno yanayokuja. Siku gari inapojaa, mbele ya kuondoka, isimamishwe kwenye uwanja. Shofere na konvwayeri waambiwe: toeni kriki, beleshi na ubao, muviweke chini. Mtu aangalie saa. Dakika 5 zikipita na kriki bado haiko chini, haiko mahali pake, na gari isitoke mpaka mahali pake papatikane. Muandike hivyo ndani ya kitabu cha mkutano, kama munavyoandika bei.

Sisi tuliandika. Mwaka huu gari imekwama tena mara mbili, barabara ni ileile. Lakini magunia yalibaki juu ya karoseri, na kahawa ilifika kabla ya giza.