Kidonda Kidogo Kisisubiri Dawa Kubwa
Katika kata ya Chikongola, mjini Mtwara, mtu mwenye ualbino anayefanya kazi juani aweza kukaa na kidonda kisichopona kwa miezi mingi. Kikikatwa mapema, mara nyingi hupona kwa upasuaji mdogo. Kikiachwa, saratani ya seli bapa huweza kuchimba hadi mfupani, na mgonjwa hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500.

Kwa hatua hiyo ya mwisho, sayansi imefungua mlango. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha semiplimabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili ishambulie saratani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka huo, takriban nusu ya wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imesambaa walisinyaa uvimbe. Lakini hutolewa kwa dripu kila baada ya wiki 3, kwa bei isiyofikiwa na familia ya mvuvi.

Kuidai dawa hiyo ni haki, wala madai hayo yasibezwe. Hata hivyo, hata kwa aliyeipata, kupona si hakika. Zahanati inayokagua ngozi, kofia pana na mafuta ya kuzuia jua ndiyo tiba ya kwanza. Ufa uzibwe Chikongola, kabla ukuta haujajengwa Dar es Salaam.