Sufu Njema Huanzia Malishoni

Wafugaji wa Kigaddi wa jimbo la Himachal Pradesh, India, huhama na kondoo wao kila mwaka: majira ya baridi hukaa chini, katika vilima vya Siwalik, majira ya joto hupanda hadi malisho ya juu ya Lahaul. Serikali iliwapatia madume ya mbegu ya Rambouillet ili sufu iwe laini na nyingi zaidi. Nia hiyo ni njema, nasi twaiunga mkono. Lakini mbegu bora peke yake haitoshi. Kondoo chotara akishindwa na safari ya milimani, au akikosa majani njiani kwa kuwa msitu umefungwa, faida yote hupotea. Dawa ya minyoo, josho na ukataji safi wa sufu havina budi kumfuata mfugaji njiani, si kumngoja mjini. Tena, sufu laini ikinunuliwa kwa bei ile ile ya sufu ngumu, nani atajitaabisha? Sisi wa visiwa vya karafuu twalijua hilo: daraja lisilo na bei yake ni maneno matupu. Wataalamu, basi, na watoke maofisini, waandamane na kundi.