Mti Hauendi ila kwa Nyenzo: Kitalu cha Jamii na Lango Lake

Wahenga walisema kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Aliyeitunga methali hiyo bila shaka alikuwa na gogo zito machoni pake, na mikono mingi iliyoshindwa kulisukuma hadi nyenzo zilipoletwa. Leo methali iyo hiyo yafaa kusemwa juu ya mche mdogo unaobebeka kwa vidole viwili. Kenya imeazimia kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili raia wajitokeze kupanda. Azimio hilo ni jema. Hata hivyo, mti hauanzii shimoni, huanzia kitaluni. Je, ni miti gani inayooteshwa humo? Na ni nani awezaye kuingia?

Aghalabu maswali haya mawili hujibiwa mbalimbali. Lile la miti huachiwa wanamazingira, na lile la watu huachiwa mashirika yanayowatetea wenye ulemavu. Hoja ya makala haya ni kwamba swali ni moja. Miti ya asili haitapatikana kwa wingi unaotakikana mpaka kitalu cha jamii kiwafungulie lango wale ambao hadi sasa wamebaki nje: wazee, watumiaji wa viti vya magurudumu, vipofu, viziwi, na wote ambao miili yao haihimili kuinama kutwa au kupanda vilima.

Kwanza yafaa kuitazama miti yenyewe. Mkalitusi uliletwa nchini mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuni zake ziendeshe garimoshi la Reli ya Uganda. Mathenge uliletwa Baringo katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Ulienea ukaziba malisho na njia, na mwaka wa 2006 wakazi waliishtaki serikali, wakampeleka mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake matamu. Si kwamba kila mti wa kigeni ni adui. Nyumba nyingi zimeezekwa juu ya boriti za mikalitusi. Lakini miti ya aina hii ilipendwa kwa sababu moja kuu, nayo ni kwamba huota upesi na kukua upesi. Kampeni inayohesabu miche kwa mamilioni huvutwa na wepesi huo.

Miti ya asili mingi haina wepesi huo. Mukau wa Ukambani, Melia volkensii, huvumilia ukame na hutoa mbao nzuri, lakini kokwa lake ni gumu mno. Mwoteshaji hana budi kulipasua pasipo kuijeruhi mbegu, kuikata ncha, kuiloweka na kulichana ganda lake, ndipo aipande mchangani. Muiri, Prunus africana, huchunwa gome kwa ajili ya dawa za tezi dume, na biashara yake ya kimataifa imedhibitiwa na mkataba wa CITES tangu mwaka wa 1995. Mbegu za mti huu hupoteza uhai upesi, hivyo sharti zipandwe zikingali mbichi. Nazo mbegu za muhugu, mti ambao wachonga vinyago wameukata kwa miaka mingi, huharibiwa sana na wadudu, na anayezitaka zilizo nzima hana budi kuzichambua moja baada ya nyingine.

Kazi hii haidai kifua cha kupanda mlima wala mgongo wa kuchimba mashimo mia kwa siku. Yadai mikono, utulivu na uzoefu. Mfanyabiashara wa miche hawezi kulaumiwa akiikwepa, maana saa zinazomezwa na kokwa la mukau hazirudi mfukoni kwa urahisi. Wawezao kuifanya ni watu wa kujitolea wenye muda, na miongoni mwao ni hao hao wasioonekana katika sherehe za upandaji. Ajuza anayejua mwezi ambao matunda ya muiri huiva hawezi tena kushuka bondeni kwenye kitalu kilichobanwa kando ya mto. Kijana wa kiti cha magurudumu mwenye mikono stadi hukwama matopeni kabla ya kuifikia miche. Kitalu huwapoteza wote wawili, kisha hulalamika kwamba miti ya asili ni migumu kuotesha.

Wapo watakaodai kwamba kukitengeneza kitalu kwa ajili ya watu hawa ni gharama na huruma tu. Dai hilo halina mizizi. Kwa kawaida miche hupangwa chini, kisha mizizi hutoboa mifuko na kuzama ardhini, na wahudumu hulazimika kuinama kila mara kuiinua na kuikata. Miche hiyo ikiwekwa juu ya meza ya wavu, mzizi unaotokeza chini hukutana na hewa, hukauka ncha, na mche huzidisha mizizi midogo midogo itakayoufaa siku ya kuhamishwa. Kwa hiyo, meza ile ile inayomwezesha mtumiaji wa kiti cha magurudumu kuingiza magoti chini yake ndiyo inayoupogoa mzizi bila kisu. Ni kweli kwamba miche ya mezani hukauka upesi, na hivyo maji sharti yawe karibu. Lakini bomba lililo karibu humfaa mzee kama linavyoufaa mche. Njia pana iliyoshindiliwa vizuri humfaa anayesukuma toroli kama inavyomfaa anayesukuma kiti chake.

Isitoshe, jambo hili si geni nchini. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, wapo wataalamu wa misitu walioshuku kwamba akina mama wa vijijini wangeweza kuotesha miti bila stashahada. Katika kumbukumbu zake, Unbowed, za mwaka wa 2006, alisimulia jinsi wanawake hao walivyotumia akili yao wenyewe. Wapo waliopanda mbegu katika vyungu vilivyovunjika na kuviweka mahali pa juu, mbali na kuku na mbuzi. Kitalu kilichoinuliwa, basi, akina mama hao walijibunia wenyewe bila kuchorewa na mhandisi. Maathai alipotunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004, miti iliyopandwa na vuguvugu hilo ilikuwa imezidi milioni 30. Mavuno hayo yalitokana na kulifungua lango kwa watu waliodhaniwa hawafai. Kwa nini basi lifunguliwe kwa wasio na stashahada na kufungwa kwa wasioweza kutembea?

Sheria nayo imekwisha kusema. Kifungu cha 69 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinaitaka serikali kufikisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi, na kuhimiza umma kushiriki katika kuyatunza mazingira. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kupata habari. Katika sensa ya mwaka wa 2019, watu zaidi ya 900,000 walihesabiwa kuwa na ulemavu, na ugumu wa kutembea ndio uliotajwa na wengi zaidi. Umma unaohimizwa na kifungu cha 69 ni pamoja na hao. Kifungu kimoja hakiwezi kutimizwa kwa kukipiga teke kingine.

Mwanafunzi wa Kiswahili aweza kuuliza haya yanamhusuje. Yanamhusu sana. Kifungu cha 7 cha Katiba iyo hiyo kinaagiza kukuzwa kwa lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na maandishi ya nukta nundu. Ilhali mtu akilisaka jina la mti katika kamusi, si nadra kukuta fasili ya maneno mawili matatu, 'aina ya mti', kana kwamba mvule na mbambakofi ni kitu kimoja. Maarifa yanayokosekana kamusini yamo vinywani mwa wazee, na wazee hao hawawezi kusikilizwa kitaluni iwapo hawafiki kitaluni. Wakifa, jina na mti huzikwa pamoja.

Wapo pia wanaoyapinga maneno kipofu na kiziwi kwa sababu ya kiambishi ki-, na mjadala huo una uzito wake. Hata hivyo, sarufi husema kipofu amekuja, wala haisemi kimekuja. Upatanisho wa kisarufi ulikwisha kuutambua utu wake zamani. Wanaochelewa ni wale wanaochora malango na njia.

Hivyo basi, vyama vya Kiswahili vyuoni visingoje siku nyingine ya mapumziko. Vyuo vingi vina vitalu, na vijiji jirani vinavyo pia. Chama chaweza kuandika vibao vyenye jina la Kiswahili la kila mti, jina la lugha ya mahali na maandishi ya nukta nundu, vikiwekwa kwenye kimo ambacho mkono wa aliyeketi hukifikia. Chaweza kurekodi maelezo ya wazee kuhusu mbegu, na kumwalika mkalimani wa Lugha ya Ishara siku ya kuatika miche. Lakini kabla ya kibao cha kwanza, wanachama watembee kutoka barabarani hadi kitaluni pamoja na mtu anayetumia kiti cha magurudumu, na kila mahali kiti kinapokwama, hapo ndipo jembe lianzie kazi.