Msomi na Mpira wa Miguu

Wapo watu wanaoamini kwamba msomi mwenye shahada ya juu anapoajiriwa na klabu ya mpira kuchambua michezo, amepotea njia, na elimu yake imetupwa bure. Fikra hiyo haina budi kusahihishwa, maana inatokana na kutoielewa kazi yenyewe.

Kazi hiyo si kuhesabu tu. Huko Uingereza, Charles Reep, mhasibu katika jeshi la anga, alianza mwaka 1950 kuandika kila pasi ya michezo aliyoitazama. Akaona kwamba takriban mabao manane katika kila kumi hupatikana kwa pasi zisizozidi tatu, akahimiza mipira mirefu ya moja kwa moja. Bidii yake haina shaka. Kilichokosekana ni hoja. Zaidi ya mashambulizi tisa katika kila kumi yalikuwa ya pasi zisizozidi tatu. Kwa hiyo yale ya pasi nyingi, yasiyofika moja katika kumi, ndiyo yaliyozaa mabao mawili katika kumi. Takwimu zile zile zilimpinga mwenyewe.

Hapo ndipo elimu ya chuo kikuu inapohitajika. Ian Graham, daktari wa fizikia kutoka Cambridge, alijiunga na Liverpool mwaka 2012. Yeye hakuridhika kujua nani kafunga. Alipima kila pasi imeongeza au imepunguza kiasi gani uwezekano wa timu kupata bao. Msimu wa 1914-15 haukuwa na vipimo hivyo, lakini ule wa 2014-15 ulikuwa navyo: Borussia Dortmund ya Jürgen Klopp ilimaliza ya saba Ujerumani, na hesabu za Graham zikaonyesha kwamba kwa uchezaji wake ilistahili kuwa ya pili. Oktoba 2015 Liverpool ikamwajiri Klopp. Mwaka 2019 ikatwaa ubingwa wa Ulaya, na 2020 ubingwa wa Uingereza iliokuwa imeukosa kwa miaka 30.

Si kwamba hesabu ndizo zilizofunga mabao. Waliotoka jasho ni wachezaji. Na mtaalamu asiyeweza kumweleza kocha matokeo yake kwa lugha nyepesi hana faida yoyote. Lakini mwalimu wa hisabati anayeulizwa na wanafunzi somo hilo litawasaidia nini, sasa anaweza kuwaonyesha kiwanja cha shule. Elimu haipungukiwi heshima kwa kukanyaga nyasi. Hupungukiwa inapofungiwa kabatini pamoja na cheti.