Mjusi wetu wa Tendaguru hana wimbo



Nina dukuduku juu ya burudani wanazopata watoto wetu huku vijijini, hasa katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa.

Siku hizi penye gulio hapakosi banda la video. Watoto hutazama filamu za kigeni zilizotiwa maneno ya Kiswahili, na wanazozipenda mno ni zile za dinosaria. Saa ya mapumziko utawasikia wananguruma uwanja mzima. Nilipowauliza wanafunzi wa darasa la sita mnyama huyo alipatikana nchi gani, wengi walijibu: Marekani!

Jibu hilo liliniuma. Ni katika mkoa wetu huu wa Lindi, kwenye kilima cha Tendaguru, Wajerumani walikochukua mifupa ya mijusi hao tangu 1909 hadi 1913. Wachimbaji wenyewe walikuwa wananchi wa huku, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi kwa miguu, siku kadhaa porini, hadi bandari ya Lindi. Mjusi mmoja aliyeunganishwa kwa mifupa hiyo amesimama katika jumba la makumbusho la Berlin, na kimo chake kinapita meta 13. Kama arudishwe au abaki, wapo wanaolisemea jambo hilo bungeni. Mimi nazungumzia sauti yake.

Ule mngurumo wa kwenye filamu ni wa kutengenezwa. Katika Jurassic Park ya 1993, mafundi walichanganya sauti za mtoto wa tembo, chui milia na mamba wa Marekani. (Tembo sisi tunamfahamu, maana hutuingilia mashambani bila kiingilio cha sinema.) Wajapani walitangulia. Mwaka 1954 mwanamuziki Akira Ifukube alilipa sauti lile dude lao Godzilla kwa kusugua nyuzi za zeze kubwa la Kizungu kwa glavu ya ngozi. Zeze na ngozi, Ndugu Mhariri! Ni kitu gani hapo ambacho mafundi wetu wa ngoma hawana?

Wataalamu wanaeleza kuwa koo ni nyama, nayo huoza, kwa hiyo mifupa haitunzi mlio. Wanachofanya ni kulinganisha na jamaa wa mijusi hao walio hai, yaani ndege na mamba. Mwaka 2016 baadhi yao waliandika kwamba huenda dinosaria wengine walivuma wakiwa wamefunga mdomo, kama afanyavyo njiwa au mbuni dume. Mvumo wa namna hiyo uko karibu zaidi na ngoma kubwa kuliko makelele ya bandani.

Sasa kama hakuna binadamu aliyewahi kumsikia, kwa nini kazi ya kumpa sauti tuwaachie wageni peke yao? Wakubwa wetu wanakumbuka kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania, jinsi mnyama wa hadithini alivyomfanya mtoto asogee karibu na mama yake. Mjusi wa Tendaguru hajatungiwa mchezo wa redio ambao mimi nimewahi kuusikia, wala wimbo unaopigwa harusini. Na majina yapo. Yule aliyetangazwa 2019 kutoka bonde la Rukwa ameitwa Mnyamawamtuka, jina ambalo ukilitamka haraka tayari ni mapigo ya ngoma.

Mwalimu mwenzangu aliniambia hiyo ni anasa, tuna upungufu wa madawati. Madawati ni kweli hayatoshi. Lakini ngoma haitoki katika fungu la madawati, na mtoto anayeamini kila kikubwa kimetoka ng'ambo hata ukimkalisha kwenye kiti cha sofa ataendelea kuamini hivyo.

Nawaomba TBC Taifa watengeneze mchezo wa redio juu ya wale wapagazi na mzigo wao. Vijana wa bongo fleva wanaotoka kusini nao wasione haya kumwimba mjusi. Na maofisa utamaduni wa Ruangwa na Nachingwea waliingize jambo hili katika mashindano ya ngoma na kwaya za shule za msingi. Darasa langu la sita limekwisha kuanza kutunga. Tunachogombania hadi sasa ni kama mjusi avume au alie kama njiwa.

Mwalimu wa Kijiji,
Ruangwa, Lindi.